Almasi na wajibu wa kampuni: mmeuliza, tunajibu

Maswali ya safari hii yamelalia upande wa almasi, na mengi yametoka Shinyanga, ambako jambo hili si la vitabuni. Nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mgodi umetujengea vyumba viwili vya madarasa. Siku ya kukabidhi tulipangwa mstari tuimbe kushukuru "msaada wa mwekezaji". Mimi nilikaa kimya, mwenyekiti akanisema. Nilikosea? (Mama wa watoto wanne, Kishapu)

Hukukosea, mama, ingawa kuimba nako si dhambi. Watoto wamepata pa kusomea. Ila usikubali kuambiwa umepewa zawadi. Tangu Sheria ya Madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, kifungu cha 105 kinamtaka mwenye leseni ya uchimbaji aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, ambao vijijini kila mtu anauita CSR. Mpango huo anakubaliana na halmashauri husika, na halmashauri ndiyo inayoujadili na kuuidhinisha. Unatakiwa ufuate vipaumbele vya halmashauri, si vya meneja wa mgodi wala vya mpiga picha wake. Kisha halmashauri isimamie utekelezaji na iwaelimishe wananchi. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika haraka kuliko yote.

Fedha hizo zisichanganywe na mrabaha, ambao kwa almasi ni asilimia 6 ya thamani na unakwenda Serikali Kuu. Zisichanganywe pia na ushuru wa huduma, unaolipwa halmashauri kwa kukokotoa mauzo ya kampuni. Kwa hiyo kiongozi akisema "mgodi umetupa", muulize kwa upole ni fungu lipi. Kama ni ushuru wa huduma, darasa limejengwa na halmashauri kwa mapato yake halali na mgodi haustahili hata kibao ukutani. Kama ni CSR, omba kuona mpango wa mwaka huo: mradi uliandikiwa shilingi ngapi, umekamilika kwa ngapi, fundi alipatikanaje. Mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali pake. Kifungu chenyewe hakitaji asilimia ambayo kampuni lazima itoe, kwa hiyo ukubwa wa fungu unategemea sana madiwani wenu wanavyobana mezani. Diwani anayekwenda kwenye kikao hicho akiwa hajui mgodi uliuza karati ngapi (kipimo cha uzito wa almasi) mwaka uliopita atakubali lolote analoonyeshwa.

Shikamoo. Fidia na CSR ni kitu kimoja? (Kijana, Maganzo)

Marahaba. Si kitu kimoja, na wewe uko mahali ambapo tofauti hiyo imeonekana kwa macho. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Williamson, Mwadui, ulibomoka. Tope likaingia kwenye makazi, mashamba na malisho ya vijiji jirani vya Ng'wanholo na Nyenze. Hakuna aliyekufa, jambo la kushukuru kwa kweli, lakini kaya zilipoteza nyumba na mazao. Anachopewa mtu aliyefunikiwa shamba ni deni analolipwa. Kampuni yoyote ikichukua malipo ya namna hiyo na kuyaorodhesha kwenye taarifa yake ya huduma kwa jamii, imeihesabu shilingi ileile mara mbili.

Mdogo wangu ni mbeshi. Anaingia mgodini usiku kutafuta almasi kwenye mchanga wa mabaki. Aliwahi kurudi na majeraha ya marungu na mbwa. Majirani wanasema mwizi hana haki. Wewe unasemaje? (Dada mtu, Kanda ya Ziwa)

Pole, dada. Kuingia kwenye eneo la leseni bila ruhusa ni kosa, na sitakudanganya kwamba si kosa. Lakini adhabu ya kosa hilo hutolewa na hakimu. Mlinzi ana kazi ya kumzuia mtu na kumkabidhi polisi. Kazi yake haifiki kwenye kumvunja miguu.

Na si mimi peke yangu ninayesema hivyo. Mwaka 2020 shirika la Uingereza la RAID lilitoa matokeo ya uchunguzi wake kuhusu Mwadui, likieleza watu waliopigwa risasi, waliopigwa na waliofungiwa. Mgodi ulikuwa unamilikiwa kwa asilimia 75 na Petra Diamonds, kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la London, na serikali yetu ilikuwa na asilimia 25. Wananchi 71 walifungua madai Uingereza kupitia kampuni ya mawakili ya Leigh Day. Mei 2021 Petra ilikubali kumaliza shauri kwa kifurushi cha pauni milioni 4.3, ndani yake mkiwa na malipo ya wadai, gharama za mawakili na fedha za miradi ya jamii. Haikukiri dhima kisheria, lakini ilikubali kwamba yalikuwapo matukio ya vifo, majeruhi na unyanyasaji yaliyohusisha shughuli za ulinzi katika eneo la mgodi. Baadaye ikaundwa njia huru ya kupokea malalamiko ya wengine ambao hawakuwamo kwenye kesi ile.

Nimelirefusha hili kwa sababu hapa ndipo ninapoachana na wapenzi wa ripoti zenye karatasi ya kung'aa. Miaka ileile watu walipokuwa wakiumizwa kwenye uzio, huduma kwa jamii ilikuwa na sura zake kwenye ripoti, na picha za watoto wanaotabasamu. Mtu akitaka kujua mgodi unawajali majirani zake kiasi gani, aanze na mkataba wa kampuni ya ulinzi: walinzi wamefundishwa nini, wanabeba silaha gani, nani anawachunguza mtu akiumia. Madawati yaje baadaye.

Kwa mdogo wako: majeraha yake yaandikwe hospitali, fomu namba 3 ya polisi, yaani PF3, ihifadhiwe, na tarehe na mahali viandikwe kabla kumbukumbu haijafifia. Waliolipwa mwaka 2021 hawakulipwa kwa huruma. Walikuwa na ushahidi. Halafu mshauri ajiunge na kikundi cha wachimbaji wadogo chenye leseni. Najua almasi haipatikani kirahisi kama wanavyosimulia vijiweni, na najua pia njaa haisubiri leseni.

Huku Congo mto uliharibiwa na mgodi ulioko nchi nyingine. Hapo CSR inadaiwa kwa nani? (Msomaji, Lubumbashi)

Unazungumzia mwaka 2021, mwishoni mwa Julai, tope la mgodi wa Catoca kaskazini mwa Angola lilipovuja na kushuka hadi mito Tshikapa na Kasai. Maji yalibadilika rangi yakawa mekundu, samaki na viboko wakafa. Waziri wa Mazingira wa Congo, Ève Bazaiba, alitangaza Septemba kwamba watu 12 wamefariki na maelfu wameugua.

Jibu la kukatisha tamaa ni kwamba mpango wa huduma kwa jamii huishia kwenye mpaka wa wilaya yenye mgodi, wakati maji hayajui mpaka. Waliokuwa wakijengewa zahanati walikuwa upande wa Angola, na waliokunywa maji machafu walikuwa Kasai. Madai ya namna hiyo lazima yabebwe na serikali kwa serikali, na mwanakijiji wa Tshikapa hana kiti kwenye meza hiyo.

Ndani ya nchi yenu, hata hivyo, mna sheria ambayo sisi huku tunaweza kuionea wivu. Kanuni ya Madini ya 2018 inagawa mrabaha waziwazi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka ya mtaa palipo na mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Kuandikwa na kulipwa ni mambo mawili, lakini angalau mnajua mnadai ngapi.

Tunaambiwa Botswana wamefanikiwa kwa sababu kampuni za kule zina roho nzuri. Ni kweli? (Mwanachuo, Dodoma)

Roho nzuri! Kampuni ni De Beers, ileile iliyokuwa Mwadui kabla ya Petra. Kilichotofautiana ni mkataba. Botswana ilipata uhuru 1966, almasi za Orapa zikagunduliwa 1967, na mapema kabisa rais wa kwanza, Seretse Khama, akahakikisha haki za madini zinatoka mikononi mwa makabila na kuwa za taifa, likiwamo kabila lake la Bangwato ambalo ardhi yake ndiyo iliyokuwa na almasi. Leo Debswana, kampuni inayochimba almasi huko, ni nusu kwa nusu kati ya serikali na De Beers, na serikali ina asilimia 15 ya De Beers yenyewe. Mwaka 2013 kazi ya De Beers ya kukusanya na kuuza almasi ghafi ilihama London ikaenda Gaborone. Shule na barabara zao zimejengwa kwa gawio, kodi na mrabaha kupitia bajeti. Hakuna aliyelazimika kumwimbia meneja.

Kuna jambo moja la kampuni ninalolisifu bila kusita. Mwaka 2001, UKIMWI ulipokuwa unamaliza watu, Debswana ilianza kuwapa wafanyakazi wake na wenzi wao dawa za kufubaza virusi, wakati dawa hizo zilikuwa ghali mno na nchi nyingi hazijathubutu. Ilikuwa na faida kwa mgodi pia, kwa sababu fundi aliyefunzwa miaka mingi hapatikani sokoni. Sioni ubaya wowote kwa faida kukutana na utu.

Lakini usiandike kwenye tasnifu yako kwamba kule ni peponi. Waulize Basarwa, wenyeji wa asili wa Kalahari, walioondolewa kwenye hifadhi ya Central Kalahari. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2006 kwamba kuondolewa kwao kulikuwa kinyume cha sheria. Serikali ilikana kwamba almasi ndizo zilizowahamisha. Mgodi ulifunguliwa ndani ya hifadhi hiyo mwaka 2014.

Wawekezaji wamekuja kijijini na ahadi ya mamilioni. Tuamini? (Mjumbe wa serikali ya kijiji)

Kabla ya kuamini, tazameni Marange, Zimbabwe. Kampuni tano za almasi zilitangazwa kuahidi dola milioni 50 kwa mfuko wa jamii wa Marange na Zimunya, milioni 10 kila moja, na rais akauzindua mfuko kwa shangwe. Kilichoingia kikatajwa bungeni kuwa dola 400,000. Wakubwa wa baadhi ya kampuni walipohojiwa na kamati ya bunge walikana hata kuahidi kiasi hicho. Hapakuwa na karatasi iliyosainiwa yenye kiasi na tarehe.

Mkipewa ahadi, iandikeni kwenye muhtasari, isainiwe siku hiyohiyo, na nakala ibaki kwenu.

Kwa nini fedha zisije moja kwa moja kijijini badala ya kupitia halmashauri? (Wasomaji kadhaa)

Sierra Leone walijaribu kitu kinachofanana na hicho. Kuanzia 2001, robo ya kodi ya asilimia 3 ya kuuza almasi nje, yaani asilimia 0.75 ya thamani, ilirudishwa kwenye maeneo ya machifu yanakochimbwa na wachimbaji wadogo. Wazo zuri, na wapo waliojenga shule na masoko kwa fedha hizo. Shida mbili zilijitokeza. Hesabu ziliishia kwa chifu na watu wake, wananchi wakabaki kusikia tu. Na kwa kuwa mgawo ulifuata wingi wa leseni, chifu alipata sababu ya kushabikia leseni nyingi zaidi, hata pale ambapo shamba la mpunga lingefaa kuliko shimo. Mimi sipingi fedha kufika kijijini. Napinga zifike kabla ya daftari.

Nataka kumnunulia mchumba pete. Cheti cha Kimberley kinatosha? (Kijana, Muscat)

Hakitoshi, kaka. Utaratibu wa Kimberley ulianza 2003 kuzuia almasi ghafi zinazofadhili waasi wanaopigana na serikali. Walinzi wa mgodi wakimpiga mtu, au askari wa serikali yenyewe wakiua wachimbaji kama ilivyotokea Marange mwaka 2008, tafsiri ya utaratibu huo hailigusi hilo. Muulize sonara jiwe limetoka mgodi gani. Akishindwa kutaja hata nchi, nenda duka la pili. Na hongera.

Mgodi ukiuzwa, ahadi za mmiliki wa zamani zinakufa? (Mzee, Mwadui Luhumbo)

Shikamoo, mzee. Petra iliuza hisa zake za Williamson mwaka 2025, na bei za almasi zimekuwa zikishuka, kwa sehemu kwa sababu ya almasi zinazotengenezwa maabara. Kwa hiyo swali lako limekuja wakati wake. Kilichouzwa ni hisa. Mwenye leseni alikuwa Williamson Diamonds Limited kabla ya mauzo na ndiye huyohuyo baada yake, na serikali bado ni mbia ndani yake. Mpango wa CSR ulioidhinishwa na halmashauri ni wa mwenye leseni, kwa hiyo unamfuata. Ahadi alizotoa Petra kwa jina lake yenyewe huko London ni habari nyingine, na hizo mzitafutie majibu kwa maandishi mapema.

Jambo la pili ni shimo lenyewe, ambalo mwamba wake wenye almasi ulienea hekta kama 146 juu ya ardhi. Sheria inautaka mgodi mkubwa uweke dhamana ya kurekebisha mazingira siku ya kufunga. Kila mwaka ulizeni Tume ya Madini dhamana hiyo imewekwa kiasi gani. Barua iende na nakala kwa mkuu wa wilaya, na mpokeaji agonge muhuri kwenye nakala mnayobaki nayo.