Chanjo "iliyogandishwa" haina barafu

SWALI: Natafsiri kikaratasi cha maelezo ya chanjo ya surua, ile inayokuja ikiwa kavu ndani ya kichupa. Mwenzangu kazini ameandika "chanjo iliyogandishwa". Mimi nimeandika "chanjo iliyokaushwa kwa kugandisha". Nani yuko sahihi? (Mfamasia, Morogoro)

JIBU: Ndugu mfamasia, wewe umekaribia, ila hiyo "kwa" imekuangusha. Ya mwenzako ni ya hatari, kwa hiyo nianze nayo.

Zahanatini, "imeganda" ni habari mbaya. Chanjo ya pentavalenti, ile ya maji inayokinga magonjwa matano kwa sindano moja, hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda imeharibika, na hata ikiyeyuka hairudi kuwa chanjo. Muuguzi aliyefundishwa hivyo akikuta "iliyogandishwa" kwenye maelezo ya surua, ama atakitupa kichupa kizima, ama atakiweka mezani akisubiri kiyeyuke. Na hakuna cha kuyeyuka: ndani mna kitonge cheupe, kikavu, chepesi, chenye vitundu vitundu kama sifongo.

Tena kuganda kwetu hakudai hata baridi. Damu huganda kwenye kidonda, na maziwa ya mgando tunayanywa yakiwa vuguvugu.

Sasa "kwa". Tukisema samaki amekaushwa kwa jua, jua ndilo lililokausha. Kwa moshi, ni moshi. Basi "kukausha kwa kugandisha" kunamwambia msomaji kwamba baridi ndiyo inayokausha, na sivyo. Kiwandani vichupa hupangwa kwenye rafu ndani ya chumba cha chuma, vizibo vya mpira vikiwa vimeingizwa nusu. Dawa hugandishwa, mara nyingi chini ya nyuzi -40, ikawa jiwe. Bado maji yote yamo! Kinachokausha ni hatua ya pili: pampu hunyonya hewa mpaka chumba kinakuwa ombwe, kisha rafu hupashwa joto kidogo kidogo. Mkandamizo wa hewa humo ukishuka chini ya milibari 6 hivi, maji hayawezi kukaa kama kimiminika, kwa hiyo barafu hugeuka mvuke moja kwa moja. Umeona naftalini kwenye sanduku la nguo: kila ukifungua imepungua, na kanga haijalowa. Ndivyo hivyo. Mvuke hunaswa kwenye mabomba yenye baridi kali zaidi, joto huongezwa kidogo kuondoa unyevu uliong'ang'ania, na vizibo hushindiliwa kabla mlango haujafunguliwa. Kazi hiyo huweza kuchukua siku nzima na zaidi.

Kuganda basi kuna kazi nyingine: kunaishika dawa isijikunje wala kuchemka wakati maji yanatoka. Ndiyo maana kitonge hubaki na kimo kilekile cha dawa ilipokuwa maji, na vitundu ni nafasi zilizoachwa na barafu.

Mimi ningeondoa "kwa" nikaweka "na": kugandisha na kukausha ombweni. Hatua mbili, kwa mfuatano wake. Wapo wanaopenda "kuanika", neno tamu la dagaa na mpunga, lakini kuanika kunataka upepo, na humu hewa ndiyo inayofukuzwa.

Hata hivyo, maelezo hayo ni ya kitabu cha mwanafunzi. Kwenye kikaratasi chako muuguzi hahitaji historia ya kiwanda. Andika "chanjo kavu ya kuchanganywa na maji yake". Hiyo "yake" usiiache, maana kila chanjo ya namna hii huja na maji yake maalumu ya kuchanganyia, na ya jirani hayafai.

Halafu kwenye maelekezo andika "changanya", usiandike "yeyusha". Sukari huyeyuka kwenye chai na barafu huyeyuka juani, kitenzi kimoja, na muuguzi mwenye foleni ya akina mama mlangoni asiachiwe kuchagua ni kipi ulichokusudia. Akishachanganya, ana muda wa saa 6 tu wa kuitumia. Hilo liandike kwa herufi kubwa.