Mtawa ni sista tu?

SWALI: Asalaam aleykum. Bibi yangu hapa Lamu akimsifu marehemu mamake husema "mama alikuwa mtawa haswa." Juzi mwanangu karudi skuli anasema mwalimu kawaambia mtawa ni sista wa kanisani, nyumba nzima tukacheka. Hebu tufafanulie, mtawa ni nani na neno limetokana na nini?
Msomaji, Langoni

JIBU: Waaleykum salaam dadangu. Mwalimu hajakosea, ila bibi ndo mwenye neno. Kutawa ni kukaa ndani usionekane ovyo, na hapo Lamu zamani mwanamke wa nyumba kubwa alikuwa anatawa, binti akivunja ungo anatawishwa, akitaka kwenda kwa jirani anapitia wikio, kile chumba cha juu kinachovuka uchochoro kuunganisha nyumba mbili, hagusi njia, na ikibidi kutoka anatoka ndani ya shiraa, hema la kitambaa linalobebwa na watumwa (hapo hatusifu, ndivyo ilivyokuwa tu). Sasa mtu wa kujifungia hivyo alihesabiwa mtu wa heshima na ibada, neno likabeba na uchamungu, na watu wa kanisa nao wakalitumia kwa mamonaki na masista wao.

Lakini kusema kweli sista anayefundisha skuli kutwa mimi naona hajatawa sana. Waliotawa kikwelikweli ni kama Julian wa Norwich, mwanamke wa Uingereza wa karne ya 14, aliyeishi kwenye kijumba kilichoshikana na ukuta wa kanisa. Watu wa aina yake wakiingia mle mara nyingi walisomewa sala za maiti kabisa, manake kwa dunia ndo basi, wakabaki na kidirisha cha kutazama altare na kingine cha kuongea na wa nje, na kitabu chao kimoja cha mwongozo cha karne ya 13 kiliwakataza kufuga mnyama yeyote isipokuwa paka! Hapo na Lamu, mji wa paka, wangeelewana.

Jina la watawa hao wa kujifungia kwa Kigiriki, anachorites, limetokana na kitenzi cha kujitenga, na Misri enzi za Warumi kitenzi hichohicho kilisemwa kwa mkulima aliyetoroka kijiji kukimbia kodi. Antonius, mtawa wa Kikristo aliyefariki 356, alijitenga jangwani hukohuko, yeye kwa ajili ya Mungu.

Kwetu Waislamu Suratul Hadid aya ya 27 inasema utawa huo wa wafuasi wa Isa waliuzua wenyewe. Sisi tuna itikafu, kukaa msikitini kwa ibada kumi la mwisho la Ramadhani, mwezi ukiandama mtu anarudi kwa wanawe.