"Kai" haijapotea kwenye Kiswahili, imeingia ndani ya kitenzi

Mleta mada ameeleza kwamba alichukua Agano Jipya la Kigiriki lenye maana ya kila neno chini yake, akawa anahesabu "kai", neno la Kigiriki ambalo kwa kawaida ni "na", katika Injili ya Marko. Kisha akafungua Biblia ya Muungano ya Kiswahili, akaona "na" ni chache mno kuliko alivyotarajia. Sasa anahofia kwamba wafasiri wamepunguza maneno, na ametukumbusha onyo la Ufunuo 22:19. Wengine wamemjibu kwamba ni suala la mtindo tu. Jibu hilo ni jepesi mno kwa swali zito kama hili, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Nimefundisha Kigiriki cha Agano Jipya kwa wanaoanza, na kwa miaka mingi nimekaa na kikundi kinachopitia rasimu za tafsiri, tukisoma kwa sauti mstari baada ya mstari. Maneno makubwa kama "neema" na "haki" tuliyajadili mara moja tukayamaliza. Hili dogo la herufi tatu lilirudi mezani kila siku.

Kwanza tujue ukubwa wake. Katika Agano Jipya la Kigiriki "kai" inatokea karibu mara 9,000, na ni kile kibainishi chao cha mbele ya nomino (kama "the" ya Kiingereza) peke yake kinachoizidi. Marko anaipenda kuliko wenzake. Sehemu kubwa ya sentensi zake zinaanza nayo. Sababu mojawapo ni kwamba masimulizi ya Kiebrania huunganisha matukio kwa "wa-" inayobandikwa mwanzoni mwa neno, na waliotafsiri Agano la Kale kwenda Kigiriki waliigeuza hiyo kuwa "kai" kwa maelfu. Waandishi wa Injili walilelewa na sauti hiyo ya Maandiko. Sababu ya pili, ambayo watu huisahau, ni kwamba hati za kale ziliandikwa herufi zimefuatana bila nafasi na karibu bila alama za vituo. Msomaji aliyekuwa akisomea kusanyiko alipoiona "kai" alijua kishazi kipya kinaanza. Kwa hiyo nyingine zilifanya kazi ambayo leo tunaiachia nukta na herufi kubwa.

Sasa tuende kwenye maandishi yenyewe. Marko 4:39 katika Biblia ya Muungano ni hivi: "Akaamka, akaukemea upepo, akaiambia bahari, Nyamaza, utulie. Upepo ukakoma, kukawa shwari kuu." Kigiriki cha mstari huo kina "kai" nne. Kiswahili hakina "na" hata moja. Ukihesabu kwa njia ya mleta mada, nne zimeibwa. Lakini hesabu viambishi: a-ka-amka, a-ka-ukemea, a-ka-iambia, u-ka-koma, ku-ka-wa. Ni vitano. Kiswahili kimetoa zaidi ya kilichopokea, kwa sababu "akaamka" kwa Kigiriki si kitenzi kamili, ni umbo la "akiisha kuamka" lililoegemezwa kwenye kitenzi kinachofuata.

Jaribu kuutafsiri kwa "na" kila mahali: "Na akiisha kuamka aliukemea upepo na aliiambia bahari, Nyamaza, utulie. Na upepo ulikoma na kulikuwa shwari kuu." Maneno yote yapo, na hadithi imekufa. "Na upepo ulikoma" inasikika kama habari ya pembeni, kana kwamba upepo ulikuwa na ratiba yake. "Upepo ukakoma" inaufanya ukome kwa kuwa umekemewa. Mwenye Kiswahili hahitaji kufundishwa tofauti hiyo, anaisikia. Kiswahili kina kifaa cha -ka-, kinachounganisha tendo na tendo ndani ya kitenzi chenyewe bila neno la ziada, na mimi naamini masimulizi ya Marko yanakaa vizuri zaidi katika Kiswahili kuliko katika lugha nyingi zinazolazimika kurundika "na".

Hata hivyo -ka- haipaswi kumwagwa kila palipo na "kai", na hapa ndipo rasimu nyingi nilizozipitia zilipoteleza. "Kai" yenyewe haisemi "kisha". Inasema tu "hiki na hiki vipo pamoja", na mpangilio wa matukio unatokana na vitenzi na mfuatano wao. Kiswahili -ka- husema "kisha" waziwazi. Kwa hiyo ukiiweka mahali ambapo hakuna tendo jipya, umeongeza tukio ambalo mwandishi hakulisimulia. Marko 1:6 inaanza kwa "kai", lakini Muungano wameandika "Na Yohana alikuwa amevaa singa za ngamia". Wangeandika "Yohana akavaa", tungemwona akibadilisha nguo pale mtoni. Ni maelezo ya mtu alivyokuwa, kwa hiyo "na" inatosha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Marko 15. Mstari wa 24: "Wakamsulibisha, wakagawa mavazi yake". Mstari wa 25: "Basi ilikuwa saa tatu, nao walimsulibisha." Katika Kigiriki, kusulibisha kote kuwili kumetanguliwa na "kai". Kwa nini mara ya kwanza -ka- na mara ya pili "nao" pamoja na -li-? Kwa sababu tukio limekwisha kusimuliwa. Mstari wa 25 unarudi nyuma kutaja saa. Wangeandika "Ilikuwa saa tatu, wakamsulibisha", msomaji angepata kusulibiwa mara mbili, au angedhani mstari wa 24 ulikuwa utangulizi. Hapa "kai" inakaribia kuwa "ndipo" au "walipo-", na wafasiri wameiheshimu kwa kuiweka kwenye "nao" bila kusukuma hadithi mbele. (Saa nayo haikuhitaji kugeuzwa, maana saa ya tatu tangu jua kuchomoza ni saa tatu yetu vilevile.) Nikimfundisha mtu mistari hii miwili kwa utulivu, huwa simfundishi tena kanuni ya -ka-, ameipata.

Hiyo "nao" ina jambo lingine zuri. Kigiriki huunganisha "kai" na "ego", yaani mimi, ikawa "kago". Kiswahili huunganisha "na" na "mimi" ikawa "nami". Mathayo 11:28 Kigiriki kinasema "kago", Kiswahili kinasema "nami nitawapumzisha", na hakuna hata pumzi iliyopotea njiani. Kisha Kiswahili kinaendelea hadi mahali ambapo Kigiriki hakifiki: kina nanyi, naye, nao, nalo, nayo, kwa kila nafsi na kila ngeli. "Ombeni, nanyi mtapewa" katika Mathayo 7:7 ni "kai" tupu kwa Kigiriki. "Nanyi" inamgeukia yule yule aliyeamriwa kuomba na kumpa ahadi mkononi. Rasimu moja tuliyoletewa iliigeuza kuwa "mkiomba, mtapewa". Maana haikupotea, lakini amri iligeuka kuwa sharti, na Yesu pale anaamuru. Tulirudisha "nanyi".

Niende haraka kwenye "kai" za aina nyingine, maana hazina ubishi mwingi. Kuna ile ya "pia": "mgeuzie na la pili" (Mathayo 5:39), ambapo "na" ya Kiswahili inafanya kazi ileile bila msaada. Kuna ile ya "hata": "hata nywele za vichwa vyenu" (Mathayo 10:30). Ukirudi Marko 4:41, "hata upepo na bahari humtii", hizo ni "kai" mbili mfululizo, moja imekuwa "hata", nyingine "na". Na kuna ile inayotangulia swali. Mwanasheria wa Luka 10:29 anauliza "Na jirani yangu ni nani?", huku wanafunzi katika Marko 10:26 wakisema "Ni nani, basi, awezaye kuokoka?" Neno ni lilelile. Kwa mwanasheria "na" inafaa kwa sababu anaendeleza mabishano; kwa wanafunzi "basi" inabeba mshangao wao.

Penye hatari zaidi ni "kai" yenye kinzano ndani yake, na Yohana amejaa hizo. Sura ya 1 mstari wa 5: "Nayo nuru yang'aa gizani, wala giza halikuiweza." Mstari wa 10: "Alikuwako ulimwenguni, hata kwa yeye ulimwengu ulipata kuwako, wala ulimwengu haukumtambua." Kila kiunganishi hapo, nayo, wala, hata, ni "kai". Tafsiri za siku hizi hupenda kuweka "lakini" penye "wala", na wanaofanya hivyo wana hoja: kinzano kipo kweli. Mimi bado nashikilia "wala". Yohana alikuwa na neno la Kigiriki la "lakini", alilijua na alilitumia kwingineko. Hapa amechagua kupanga sentensi ubavuni mwa sentensi kwa neno lilelile la kawaida, ili uchungu wa "haukumtambua" ukuingie wewe mwenyewe. "Lakini" inamtangulia msomaji na kumwambia ashangae. "Wala" inaendeleza mstari, inakanusha, halafu inanyamaza.

Sasa, mleta mada, ukitaka kuwa na wasiwasi wa haki kuhusu "kai", usiutafute kwenye "na" zilizopungua. Utafute kwenye maneno madogo yaliyoongezeka. Yohana 3:5: "Mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho". Kigiriki kina kihusishi kimoja tu (neno la aina ya "kwa" au "katika"), kisha "maji kai Roho". Hakuna "kwa" ya pili. Kiswahili kinakubali "kwa maji na Roho" bila kosa lolote la sarufi, na Muungano wenyewe wamefanya hivyo kwingine: Yohana 4:24 wameandika "katika roho na kweli", kihusishi kimoja kama Kigiriki. Lakini katika 3:5 wamerudia "kwa", na katika Mathayo 3:11 pia, "kwa Roho Mtakatifu na kwa moto", ambapo Kigiriki kina kihusishi kimoja vilevile.

Je, ni kosa? Siwezi kuliita kosa. Kihusishi kimoja katika Kigiriki hakithibitishi peke yake kwamba vitu viwili ni kimoja. Ila "kwa" ya pili inamsukuma msomaji aone kuzaliwa kwa namna mbili, au ubatizo wa aina mbili, na mahubiri mazima yamejengwa juu ya mgawanyiko huo. Wapo wanaosoma maji na Roho wa 3:5 kama kuzaliwa kumoja, wakikumbuka Ezekieli 36:25-27, ambapo Mungu ananyunyiza maji safi na kutia roho yake ndani ya watu katika ahadi moja. Mimi niko upande huo. Hata asiyekubaliana nami anastahili kusoma sentensi ambayo haijamwamulia.

Wagalatia 6:16 ni jirani wa jambo hilo. "Amani na iwe kwao na rehema, naam, kwa Israeli wa Mungu." Hiyo "naam" ni "kai". Ukiisoma "naam", Israeli wa Mungu ni walewale wanaoenenda kwa kanuni hiyo, yaani waamini wote. Ukiisoma "na", Paulo huenda anaongeza kundi lingine, Wayahudi. Wasomi wamegawanyika, na kila upande una sababu zake. Mimi ningeandika "na kwa Israeli wa Mungu" ndani ya maandishi, kisha niweke maelezo chini ya ukurasa kwamba yaweza kuwa "yaani". "Na" ya Kiswahili inavumilia maana zote mbili kama "kai" inavyovumilia. "Naam" imefunga mlango mmoja.

Kwa hiyo ukirudi kwenye hesabu yako ya Marko, chukua sura moja tu, tuseme ya 4 au ya 15, na kalamu mbili. Kwa ya kwanza pigia mstari kila "kai" ya Kigiriki. Kwa ya pili pigia mstari kila -ka-, kila nao, naye, nami, kila wala, hata, tena, basi na pia. Zitakazobaki bila mwenzake zitakuwa chache, na hizo ndizo za kuleta hapa tuzijadili moja moja. Baada ya hapo fungua Yohana 3 utafute "kwa" ambazo Kigiriki hakina.