Nilimuuliza la kesho, akanijibu la jana

Mhariri, Bwana Yesu asifiwe. Swali lenu la wiki hii, "Umejifunzaje kuusikia uongozi wa Mungu katika maisha ya kila siku?", limenikuta sokoni nikisubiri gari la mzigo kutoka Kyela. Nimeona nisilipite hivi hivi.

Mimi nauza mchele hapa Mbeya. Miaka sita iliyopita niliwaza kuhamishia biashara Dar es Salaam. Shemeji yangu alishanitafutia fremu, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, na kikundi chetu cha vikoba kilikuwa tayari kunikopesha. Nikasema sitaondoka mpaka Mungu aseme. Nikafunga siku tatu. Saa kumi alfajiri nilikuwa napiga magoti sebuleni, watoto wamelala: "Bwana, niende, nisiende?"

Kila nikinyamaza ili nisikie, Dar es Salaam haikuja. Alikuja kijana mmoja aliyekuwa akitushushia magunia. Msimu uliotangulia alishusha gari zima peke yake, na gunia la mwisho likampasukia mgongoni, mchele ukamwagika kwenye tope. Nikamkata sh. 18,000 katika ujira wake. Hakubisha. Alikikunja kile kipande cha gunia anachowekea begani, akaondoka. Na mimi nilijua gunia lile lilitoka mashineni likiwa na mshono mbovu. Nililiona kwa macho yangu kabla halijapakiwa.

Basi nikakemea. Nilikemea kabisa, kwa jina la Yesu, nikidhani adui ananivurugia maombi.

Siku ya tatu nikaenda kwa mama mmoja, mzee wa kanisa letu la Moravian. Alinisikiliza huku akichagua maharage kwenye ungo, mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe unamuuliza la kesho, yeye anakujibu la jana. Kalimalize hilo kwanza."

Akanisomea habari za Samweli, sura ya tatu ya kitabu cha kwanza. Tangu shule ya Jumapili naijua: mtoto anaitwa, anamkimbilia Eli, na ni mara ya tatu ndipo Eli anapotambua kuwa ni Bwana. Lakini sikuwahi kuangalia Samweli aliambiwa nini. Hakuambiwa habari za maisha yake ya mbele. Aliambiwa uovu wa nyumba ile ile aliyokuwa amelala, na hukumu ya mzee aliyemlea. Akalala mpaka asubuhi, akaifungua milango ya nyumba ya Bwana kama kawaida yake, akaogopa kusema. Mstari ule wa milango naupenda mno. Kijana amebeba neno zito kifuani, na kazi ya asubuhi bado inamsubiri.

Tena aliyemfundisha kusikiliza ni Eli, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia na wanawe walikuwa wamemshinda. Tangu hapo sichagui sana ni nani Mungu amtumie kunionya.

Kumpata yule kijana kulinichukua siku mbili. Alikuwa amehamia kwenye kupakia mchanga. Nikampa pesa zake mbele ya wenzake, nikasema kosa lilikuwa la gunia na si lake. Akazihesabu mara mbili, akaniangalia. "Mama, nani amekutuma?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikamwambia ukweli: tangu juzi alfajiri naambiwa habari zako.

Zamani nilikuwa nafumba macho, nafungua Biblia popote na kuweka kidole, nikiamini mstari nitakaoukuta ndio jibu la siku. Nimeacha. Sasa nasoma neno la kila siku kama kanisa letu lilivyozoea. Desturi hiyo ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, pale Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian wa wakati ule, alipowapa waumini neno ibadani jioni, na kesho yake ndugu wakalipeleka nyumba kwa nyumba. Tangu mwaka 1731 linachapishwa kitabuni kila mwaka. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa watoto wa kanisa hilo hilo. Ninachokipenda hapo ni kwamba neno lilikuja na mtu wa kubisha hodi. Ukiwa peke yako na mstari wako unaweza kuupindisha upendavyo, lakini ndugu aliyesimama mlangoni anaona jinsi ulivyoamka na mwenzako. Kwa hiyo nasoma kabla sijawasha simu, maana simu ikishawaka ni wateja mpaka usiku, halafu naongea na mume wangu juu ya lile nililosoma.

Naomba niseme na hili, kwa uchungu. Tunaye ndugu katika kila ushirika ambaye "Mungu ameniambia" yake hufunga mjadala. Nimeona binti akiolewa hivyo na kiwanja kikiuzwa hivyo. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasitweze unabii, na hapo hapo akawaambia wajaribu mambo yote. Anayesema ametumwa na Mungu akubali kuulizwa.

Na Dar es Salaam? Sikusikia sauti yoyote, mpaka leo. Katika Matendo 16 Paulo na wenzake wanakatazwa kuhubiri Asia, wanajaribu kwenda Bithinia wanazuiwa tena, na hawaambiwi sababu. Hata maono ya Makedonia yalipokuja, aliyeona ni mmoja, lakini walioona hakika kwamba ni wito wa Mungu ni wote. Nasi tukakaa: mimi, mume wangu, yule mama na mhazini wa kikundi. Tukapiga hesabu ya kodi na nauli ya kila gunia, tukamfikiria mama mkwe ambaye alikuwa ameanza kuugua, tukaomba, tukaona tubaki. Fremu ile alichukua mtu mwingine na nasikia anafanya vizuri. Namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Yule kijana alirudi sokoni mwaka uliofuata, na ndiye anayenishushia mizigo hadi sasa. Gunia likipasuka, kwanza tunauangalia mshono, mimi na yeye.

Msomaji wenu, Mbeya