Akulie huko, lakini nyumba iwe ya nani?

Swali lenu la wiki linauliza kama msomaji angependa mtoto wake akulie katika eneo lenye kampuni kubwa za teknolojia, hata kama gharama za maisha ya huko ni kubwa kupita kiasi. Mimi ni mpima ardhi mstaafu, mzaliwa wa Mikindani na mkazi wa Mtwara, na mdogo wangu anaishi San Jose, California, tangu alipokwenda kusoma huko akaoa na kupata watoto. Kwa hiyo swali hili nimelifikiria kwa muda mrefu kabla ninyi hamjaliuliza. Jibu langu ni kwamba ningependa sana mtoto akulie mahali kama pale, ila kabla ya kuulizia mshahara wa mzazi ningeulizia kwanza nyumba wanayoishi ni ya nani, na kama mji huo unaruhusu nyumba nyingine zijengwe.

Bonde la Santa Clara, ambalo dunia sasa inaliita Silicon Valley, halikuanza na kompyuta. Hadi katikati ya karne iliyopita lilikuwa bonde la mashamba ya plamu, aprikoti na cheri, na wakazi wake wengi walipata riziki kwa kuchuma matunda, kuyakausha na kuyafunga katika makopo. Mwaka 1939 William Hewlett na David Packard walianzisha kampuni yao ya vifaa vya elektroniki katika gereji huko Palo Alto, jirani na Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1956 William Shockley alifungua maabara ya transista za silikoni, yaani vipande vidogo vinavyodhibiti umeme ndani ya vifaa vya elektroniki, mjini Mountain View, na mwaka uliofuata wataalamu wake wanane walimwacha wakaanzisha Fairchild Semiconductor. Wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, ndio walioanzisha Intel mwaka 1968. Miti ya matunda ilikatwa, bikoni za mipaka ya viwanja zikapandwa, na shamba baada ya shamba likageuka kuwa kiwanda, barabara au mtaa. Nayataja haya kwa sababu watu wa kusini mwa Tanzania tumezoea kudhani kwamba utajiri wa mahali kama pale umekuwapo siku zote, ilhali babu za watu walio hai leo waliliona bonde hilo likiwa shamba.

Watoto wa mdogo wangu walikulia katika nyumba ya kupanga upande wa mashariki wa San Jose, katika jengo ambalo jirani mmoja alikuwa Mvietnamu, mwingine Mmeksiko na mwingine Mwethiopia. Manufaa waliyoyapata hayana ubishi. Walisoma bure katika shule za serikali zilizokuwa na kompyuta tangu madarasa ya chini, na maktaba ya mtaa ilikuwa karibu kiasi kwamba walikwenda kwa miguu. Kubwa kuliko yote, walikua wakiona kwa macho yao kwamba programu na vifaa hubuniwa na watu wa kawaida, kwa sababu mzazi wa rafiki yao ndiye aliyekuwa akifanya kazi hiyo na jioni akarudi nyumbani akiwa amechoka kama baba yeyote. Mimi nimepima viwanja vya shule huku kwetu ambako somo la TEHAMA hufundishwa kwa ubao na chaki, na mwanafunzi anachora kompyuta kwenye daftari bila kuigusa. Mzazi anayelibeza pengo hilo hamtendei haki mtoto wake.

Hata hivyo, binti mkubwa wa mdogo wangu amenieleza jambo ambalo wageni wa bonde hilo hawalioni. Kila muhula mpya ulipoanza, kulikuwa na wenzake ambao hawakurudi darasani, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imepanda na familia zao zimehamia Sacramento au Texas. Urafiki wa utotoni ulikatwa na mkataba wa pango. Yeye mwenyewe alisoma, akahitimu San José State University na akawa mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya ileile aliyokulia. Mshahara wake ukiubadilisha kuwa shilingi na kuutaja katika baraza lolote la Mtwara, watu watakushangaa. Lakini katika robo ya pili ya mwaka 2024, bei ya kati ya nyumba ya familia moja (ile ambayo nusu ya nyumba huuzwa juu yake na nusu chini yake) katika San Jose na miji inayoizunguka ilivuka dola milioni 2, na pango la fleti ya kawaida lilikuwa linameza sehemu kubwa ya kipato cha mwalimu. Akahamia Tracy, ng'ambo ya vilima vya Altamont, takriban kilomita 90 kutoka kazini, ambako ni karibu sawa na mtu kulala Lindi na kufundisha Mtwara kila siku ya juma. Wako wengi wanaosafiri hivyo, na tangu mwaka 1998 kuna treni maalumu ya alfajiri inayowavusha vilima hivyo kutoka Stockton hadi San Jose. Aliniambia kwa simu, “Baba mkubwa, nafundisha watoto wa mtaa wangu, lakini jioni lazima niondoke kama mgeni.”

Watu wengi husema kwamba sababu ya hali hiyo ni mishahara minono ya wahandisi wa kompyuta. Mishahara imechangia, lakini haitoshi kueleza jambo lote, na hapa naomba kuzungumza kama mtu wa ramani. Kwa miongo mingi, sehemu kubwa ya ardhi ya makazi katika miji ya bonde hilo ilitengwa kisheria kwa nyumba moja ya familia moja katika kila kiwanja, na aliyetaka kujenga fleti alipambana na kanuni, vikao na mapingamizi ya majirani kwa miaka. Mwaka 1978 wapigakura wa California walipitisha Pendekezo la 13, linaloweka kikomo cha asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa kuwa kodi ya msingi ya mali isiyohamishika, na kuzuia makadirio hayo yasipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka mali iuzwe. Nia ya kumlinda mzee asifukuzwe na kodi katika nyumba yake ni nia njema na ninaiheshimu. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba aliyenunua mapema anauona upandaji wa bei kuwa utajiri mtupu usio na mzigo, hana sababu ya kuuza, wala hana haraka ya kuona nyumba zaidi zikijengwa jirani yake. Miji nayo ilipata kidogo kutokana na nyumba, ikawa na hamu zaidi ya maduka na ofisi. Kazi zikaongezeka upesi, nyumba zikaongezeka polepole, na pengo hilo ndilo lililomsukuma mtoto wa mdogo wangu hadi ng'ambo ya vilima.

Wakubwa wa huko wamekwishaliona tatizo. Mwaka 2019 Google na Facebook kila moja iliahidi dola bilioni 1 kwa ajili ya makazi, na Apple ikaahidi dola bilioni 2.5, kisha mwaka 2021 jimbo likapitisha sheria ya kuruhusu nyumba zaidi ya moja katika viwanja vingi vilivyokuwa vya familia moja. Hatua hizo ni nzuri. Zilikuja wakati kizazi kizima cha waliozaliwa hapo kimekwisha kutawanyika.

Atatokea msomaji wa kuniambia kwamba California ni mbali na sisi ni watu wa korosho. Nitamkumbusha mwenzangu huyo yaliyotokea Mtwara baada ya mwaka 2010, gesi ilipoanza kugunduliwa katika kina kirefu cha bahari, ikiwa nyongeza ya ile ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay ya mwaka 1982. Meli za utafiti zilipokuwa zinatia nanga bandarini kwetu, nyumba za Shangani zilianza kutajiwa kodi kwa dola, na wenye nyumba wakadai ya mwaka mzima mbele. Walimu na wauguzi niliowafahamu, waliokuwa wakipanga Shangani na Ligula, walisogea Magomeni, Chuno na mbali zaidi. Madalali walizunguka vijiji vya pwani kama Msangamkuu na Naumbu wakitafuta mashamba yanayotazama bahari. Sheria yetu haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa hiyo wanunuzi wengi walikuwa Watanzania wenzetu wenye fedha kutoka mijini, na muuzaji aliona fedha nyingi kuliko alizowahi kuziona kwa msimu wowote wa korosho.

Mambo yaliyofuata yanajulikana. Ghasia za Mei 2013, baada ya kusomwa bungeni kwa bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliyothibitisha ujenzi wa bomba la kwenda Dar es Salaam, zilitutia majonzi na kuua watu. Bei ya mafuta ilianza kuporomoka duniani mwaka 2014, shughuli za utafutaji zikapungua, na mwaka 2015 bomba lilipozinduliwa, wageni wengi waliokuwa wakilipa dola walikuwa wameshaondoka. Kodi za Shangani zilishuka na baadhi ya nyumba zikakaa tupu. Ila kodi inaposhuka mpangaji anaweza kurudi, na shamba lililouzwa halirudi. Wapo vijana wa vijiji vile ambao leo wanalima kwa kukodi ardhi iliyokuwa ya babu zao, na mimi binafsi nimepima baadhi ya mashamba hayo kwa niaba ya wamiliki wapya.

Hiyo haikuwa hata mara yetu ya kwanza kupata matumaini ya namna hiyo. Mpango wa karanga wa Waingereza, uliofikishwa Nachingwea mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ndio uliotuletea bandari ya kina kirefu, mji wenye barabara pana na viwanja vikubwa, na reli ambayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Upana wa barabara zetu ni urithi wa mipango ya watu waliodhani mji utajaa. Kwa upande wa ardhi tu, huo ni urithi mzuri kuliko ule wa Silicon Valley, maana Mtwara bado ina nafasi ya kujenga bila kumfukuza mtu.

Lindi ndiyo ninayoihofia sasa. Mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika uliopangwa Likong'o unakusudia kutumia gesi ya kina kirefu, na nchi yetu imekadiriwa kuwa na zaidi ya futi za ujazo trilioni 57 za gesi asilia. Mazungumzo kati ya serikali na kampuni yamechukua miaka mingi. Watu wanauona muda huo kuwa hasara, lakini kwa mtazamo wa mpima ardhi ni nafasi ambayo Santa Clara haikuitumia. Halmashauri ikipima viwanja vya kutosha sasa, vya ukubwa mbalimbali, na kutenga maeneo ya nyumba za ghorofa za kupangisha kabla mfanyakazi wa kwanza wa mradi hajatafuta chumba, basi mwalimu na muuza samaki watabaki Lindi mjini. Ikisubiri mpaka fedha ziingie, kila kikao cha mipango miji kitakuwa na mtu mwenye sababu ya kuzuia ujenzi wa jirani yake, na hoja zake zitafanana na zile nilizosimuliwa kutoka San Jose.

Kwa familia zenye mashamba karibu na mji nina ushauri ambao nimeutoa kwa kila aliyenifuata. Msiuze. Sheria za ardhi za mwaka 1999, Na. 4 na Na. 5, zinawapa wenye ardhi njia ya kupimiwa, kupata hati na kupangisha. Mwenye ekari tatu za mikorosho anaweza kumpangisha mwekezaji kwa mkataba wa miaka kumi au ishirini, akapata kipato kila mwaka, na muda ukiisha ardhi ikawarudia watoto. Najua ushauri huu ni mgumu kwa mzee mwenye ada za wajukuu zinazodaiwa wiki hii, na dalali anajua hivyo vilevile. Ndiyo maana ningependa vyama vya msingi vya wakulima wa korosho, ambavyo vimezoea kukusanya mazao ya watu wengi na kuyapeleka mnadani kwa pamoja, vifikirie kuwasaidia wanachama kupangisha ardhi kwa pamoja pia, ili mzee asikae peke yake mbele ya mtu aliyebeba fedha taslimu.

Wakazi wa Likong'o waliokwisha kupisha mradi hawana tena njia hiyo, kwa kuwa ardhi yao imetwaliwa kwa manufaa ya umma na fidia waliisubiri kwa miaka. Kwa ajili yao naomba Manispaa ya Lindi itenge viwanja vilivyopimwa, vyenye hati, vilivyo karibu na shule na hospitali, iwauzie kwa bei ya gharama ya upimaji tu, na katika kila hati majina ya watoto yaandikwe pamoja na ya wazazi.