Kadi ya njano kwanza, tiketi baadaye

Sisi watu wa Dodoma bahari yetu ni bwawa la Mtera. Ndiyo maana mke wangu aliposema miaka kumi ya ndoa tukaisherehekee Seychelles, nilikimbilia picha za hoteli. Nikalipa. Nikakata tiketi ya kupitia Nairobi, tukae siku mbili kwa rafiki, kisha tuvuke. Masharti ya kuingia nilianza kuyauliza mwishoni kabisa, na uzembe huo ulinilaza siku nne kwenye kochi la shemeji, Temeke, Dar es Salaam.

Kilichonikwamisha ni chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Seychelles hudai cheti kwa anayetokea nchi za namna hiyo. Cheti, yaani ile kadi ya njano, nilikuwa nacho! Nilichoma tarehe 3, safari tarehe 9. Dada wa kaunta pale uwanja wa ndege akafungua kadi, akahesabu kwa vidole, akanirudishia. "Kaka, hii inaanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano."

Kilichoniuma zaidi ni kadi ya mke wangu. Ya mwaka 2012, imekunjamana, imeandikwa mwisho 2022, na nilimtania nayo tangu tunapanda treni Dodoma. Ikapita bila swali. Kumbe tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambulika maisha yote, hata cha zamani chenye tarehe ya mwisho. Kwa hiyo pekua makabati kabla hujaenda kuchoma tena.

Kama huna, choma mwezi mmoja kabla. Usikubali wale wa "lete hela upate kadi bila sindano". Mbali na kukamatwa, unabaki bila kinga. Chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa, hivyo mjamzito, mwenye kinga dhaifu, mwenye mzio wa mayai na aliyevuka miaka 60 aongee na daktari kwanza. Daktari akikataa, aombe barua rasmi ya msamaha, na aulize mapema kama anakokwenda wanaipokea.

Pasipoti ni shilingi 150,000, na sisi wa Dodoma hatuna kisingizio, makao makuu ya Uhamiaji tunayo mjini. Iwe na miezi sita mbele. Seychelles haina viza kwa taifa lolote, ila neno hilo huwapumbaza wengi: lazima uombe kibali cha kusafiri kwa intaneti kabla ya kupanda ndege, na wanataka tiketi ya kurudi na mahali pa kulala. Mke wangu aliomba kwa simu jioni moja. Andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti, yote, hata lile la babu usilolitumia.

Malaria kule hakuna, kwa hiyo dawa za kinga nilizobeba zilirudi nzima. Lakini mbu wa dengi wapo na huuma mchana, paka dawa ya kufukuza mbu hata ukiwa ufukweni. Ukirudi nyumbani ukapata homa, kapime. Usijiambie ni uchovu wa safari.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni upepo. Kusi huvuma kuanzia Mei hadi Septemba, bahari inachafuka na fukwe nyingine hujaa mwani. Watu wa pwani husubiri tanga mbili, pepo zinapobadilishana: Aprili hivi, au Oktoba na Novemba. Sisi tulikwenda Julai kwa sababu likizo ndiyo ilipotoka. Boti ya kutoka Mahé, kisiwa kikuu, kwenda kisiwa cha Praslin ni kama saa moja tu. Vidonge vya kichefuchefu vimezwe kabla ya kupanda. Mimi nilimeza boti ikiwa imeshaanza kuruka, na mfuko wa karatasi niliopewa ulijaa kabla sijaiona Praslin.