Kabla hujamwambia "kaza mbio": namna ninavyopima mwendo wa wasichana wa softiboli

"Kaza mbio!" ni kelele utakayoisikia kwenye kila uwanja wa watoto huku kwetu kusini, na kwa mchezaji wa softiboli haisaidii kitu. Msichana aliyeupiga mpira na kuanza kukimbilia besi ya kwanza tayari amekaza. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia muda wake unapotelea wapi, na mtu huyo hawezi kujua kwa kuangalia tu. Apime, tena apime kwa vipande.

Nafundisha wasichana wa miaka 10 hadi 15 hapa Mtwara, wengi wao wakitokea kwenye rede na netiboli. Kwa mzazi au mwalimu ambaye mchezo huu ni mgeni kwake: besi zimepangwa kwenye pembe nne za mraba, na kutoka moja hadi nyingine ni futi 60, yaani mita 18.29. Mpigaji akishaupiga mpira ukaambaa ardhini, anatakiwa aguse besi ya kwanza kabla mlinzi aliyekanyaga besi hiyo hajaudaka mpira uliorushwa kwake. Kazi yote hiyo inaisha ndani ya sekunde tatu au nne. Tuseme binti anatumia sekunde 3.6. Mwendo wake wa wastani ni mita 5 na kidogo kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 0.2 peke yake ni mita nzima. Mwamuzi pale besini anaamua kwa unyayo. Mita nzima ni utajiri.

Sasa angalia tatizo la saa ya kubonyeza. Kidole huchelewa mbio zinapoanza kwa sababu kinasubiri jicho, halafu mwishoni huwahi kwa sababu jicho linamwona mkimbiaji anakuja. Watu wa riadha wanalijua hili siku nyingi: katika mita 100, muda wa mkono huhesabiwa kuwa mfupi kuliko wa mashine kwa sekunde 0.24. Ukiipeleka hitilafu hiyo kwenye mita 18 za softiboli, imeshameza ile mita nzima tunayoitafuta. Mwalimu atasema mtoto ameongeza kasi, kumbe kilichoongeza kasi ni kidole chake.

Mimi napima kwa video ya simu. Simu ya kawaida hupiga picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha ni sekunde 0.03 hivi. Ukiweza kuiweka kwenye picha 60 ni bora zaidi, na ukiwa na ile ya mwendo wa taratibu yenye picha 240 umefika mbali kuliko unavyohitaji. Nahesabu picha tangu fimbo inapogusa mpira hadi mguu unapogusa besi, nagawanya kwa idadi ya picha za sekunde moja. Usisome saa inayotembea chini ya video ya mwendo wa taratibu, maana nayo imepunguzwa mwendo. Hesabu picha zenyewe.

Simu isimame pembeni, katikati ya njia ya mbio, mbali kiasi cha kuona pande zote mbili. Isishikwe mkononi, iegemeze kwenye kiti au tofali. Kisha panga chupa za maji zilizojazwa mchanga kando kabisa ya mstari wanaokimbilia, moja mita 5 baada ya kuanza, nyingine mita 5 kabla ya besi. Ukiziweka karibu na simu, pembe ya kamera itakudanganya. Umbali upime kwa tepu ya fundi, kwa sababu kamba ya manila hunyumbuka, na kipimo cha leo hakitalingana na cha mwezi ujao.

Chupa hizo mbili ndizo zinazobeba somo lote. Zinakupa namba tatu: mita 5 za mwanzo, katikati, na mita 5 za mwisho. Nimeona wasichana wawili wenye muda mmoja kabisa wa jumla, lakini mmoja anachelewa kuondoka na mwingine anachelewa kufika. Ukiwapa zoezi moja, mmoja wao unampotezea jioni yake.

Anayechelewa mwanzoni mara nyingi miguu yake haina shida. Anasimama kuutazama mpira alioupiga. Ni furaha ya kitoto na sipendi kuizima, ila namfundisha aufurahie akiwa njiani. Zoezi lake ni fupi: anazungusha fimbo, anaiachia chini kwa upole (kuirusha ni hatari kwa mdakaji na mwamuzi), mguu wa nyuma unavuka na kusukuma ardhi, kifua kimeinama mbele, macho kwenye besi. Hatua tatu tu, kisha anarudi. Hatua tatu, anarudi. Kama anapigia upande wa kushoto ana faida ya kuzaliwa, kwa sababu kisanduku anachosimama mpigaji wa kushoto kiko karibu zaidi na besi ya kwanza, na nashangaa walimu wanaowalazimisha wenye shoto wapigie kulia.

Anayechelewa mwishoni anapunguza kabla ya kufika, au anairukia besi. Hapa rede imeacha alama yake: mchezaji wa rede amezoea kukwepa, kukata kona na kusimama ghafla, na mwili wake unafanya hivyohivyo anapoona besi. Lakini sheria inamruhusu mpigaji kuipita besi ya kwanza kwa kasi yote na kurudi bila kutolewa, mradi asigeuke kwenda ya pili. Kwa hiyo naweka chupa nyingine mita 4 mbele ya besi na kumwambia mbio zinaishia pale. Besi ni kitu cha kukanyaga ukiwa unapita, ukingo wa mbele, kwa hatua ya kawaida. Kuruka kunamchelewesha, kwa sababu akiwa hewani hasukumi ardhi.

Na tafadhali, besi zisiwe viroba vilivyotuna mchanga. Kifundo cha mguu kitapinda siku yoyote. Kipande bapa cha raba ya tairi kuukuu kilichopigiliwa vizuri kinatosha. Pale besi ya kwanza weka viwili sambamba, kimoja ndani ya mstari cha mlinzi na kingine nje cha mkimbiaji, ndivyo besi pacha ya watoto ilivyo, ili wasigongane.

Namba zikionyesha kuwa tatizo ni katikati, hapo ndipo tunazungumzia kasi yenyewe. Kasi haijengwi kwa kuzungusha watoto uwanja mara kumi. Mizunguko inajenga pumzi, na inamfundisha mtoto kukimbia akiwa amechoka, yaani taratibu. Kasi hujengwa kwa mbio fupi za mita 10 hadi 20, zote za nguvu zote, na mapumziko ya kutosha kati yake; mimi hufuata kanuni ya dakika moja ya kupumzika kwa kila mita 10. Mbio sita hadi kumi, basi, mara mbili kwa wiki, siku zisifuatane. Ongeza kuruka kamba na kupanda mwinuko. Walio Mikindani wana bahati ya kilima nyuma ya mji. Mteremko wa taratibu, mita 15 kupanda, kushuka kwa kutembea.

Ardhi yetu nayo ina neno lake. Viwanja vingi vya shule hapa ni mchanga, na mchanga unakula nguvu ya kila hatua. Muda wa kwenye mchanga usiulinganishe na wa kwenye nyasi za uwanja wa Nangwanda Sijaona. Pima palepale kila mara. Msimu wa kusi, upepo ukivuma toka baharini, waache wakimbie kwenda na kurudi upande wa pili, kisha chukua wastani. Jua likiwa kali usipime; subiri baada ya saa kumi na nusu, wakati ambao pia wengi wametoka madrasa. Mwezi wa Ramadhani mimi sipimi kabisa, na msimu wa korosho namuuliza mtoto kwanza kama ametoka shamba. Muda wa mtoto aliyeinama kuokota korosho tangu asubuhi haukuambii chochote kuhusu mbio zake.

Kila msichana ana ukurasa wake daftarini: tarehe, uwanja, upepo, mbio tatu, na ule muda wa kati kati ya hizo tatu. Narudia kupima kila baada ya wiki tano au sita. Ukurasa ni wake, hausomwi mbele ya wenzake wala haubandikwi ukutani. Miaka ya 11 hadi 13 wasichana wengi hurefuka ghafla, na miguu mipya inachukua muda kuzoeleka. Namba inaweza kusimama au hata kurudi nyuma bila yeye kuwa mvivu. Akilalamika maumivu chini ya goti au kisiginoni, mpumzishe, na yakiendelea apelekwe kwa daktari. Na ana haki ya kusema "mwalimu, leo sipimwi" bila kuulizwa sababu.

Akishaimudu besi ya kwanza, mfundishe kona. Kutoka nyumbani, yaani pale anapopigia mpigaji, hadi besi ya pili ni mita 36.58 ukienda kwa mistari, lakini hakuna anayeweza kukata pembe ya mraba akiwa na kasi. Anatoka nje kidogo mita 4 au 5 kabla ya besi, anaegemea ndani, anakanyaga kona ya ndani kwa mguu wowote utakaofika. Walimu wengine hudai uwe mguu wa kushoto. Mimi sidai, kwa sababu mtoto anayehesabu miguu hupunguza mwendo. Mwache ajaribu kona pana, ya wastani na finyu, mpige video, mwonyeshe namba zote tatu achague mwenyewe.

Kinachobaki ni kuondoka besini. Katika softiboli ya mrusho wa kasi, mkimbiaji haruhusiwi kuachia besi mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji, akiwahi, anatolewa. Basi elekeza simu mahali itakapoona mkono wa mrushaji na mguu wa mkimbiaji kwa pamoja, hesabu picha kati ya mpira kutoka na mguu kuachia, na mazoezini usitumie filimbi wala kupiga makofi kuwaondosha. Simamisha mrushaji halisi, wafundishe kumtazama mkono.